Njozi, Nia na Gharama: Mafunzo ya Kufuata Ndoto katika Riwaya Tatu za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa riwaya ya Kiswahili, aghalabu mwanafunzi hutakiwa ataje mafunzo yapatikanayo katika kazi aliyoisoma. Jibu analolitoa mara nyingi ni la jumla mno: kwamba mtu asikate tamaa, afuate ndoto yake, na hatimaye atafaulu. Makala hii inakusudia kulichunguza jibu hilo kwa kuzingatia riwaya tatu, yaani Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi, na Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Hoja yetu ni kwamba riwaya hizi zinamtaka msomaji aihoji ndoto kabla ya kuisifu: ni ndoto ya nani, inatafutwa pamoja na nani, na gharama yake inalipwa na nani.

2.0 Dhana ya Ndoto katika Kiswahili

Siku hizi neno "ndoto" hutumika sana kwa maana ya lengo kuu la maisha. Hata hivyo, maana hiyo inakaa jirani na nyingine iliyojaa kebehi. Wasemaji wa Kiswahili huzungumzia "ndoto za Alinacha", usemi unaotokana na kisa kimojawapo cha Alfu Lela U Lela. Alinacha alirithi fedha kidogo, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga katika kapu na kuketi akingoja wateja. Alipokuwa akingoja, aliwaza jinsi faida itakavyozaa faida mpaka amwoe binti wa waziri. Katika mawazo hayo alimpiga bibi harusi teke la kiburi. Mguu ukalipiga kapu, na mtaji wote ukavunjika.

Kisa hiki hufafanuliwa kwa kawaida kuwa ni onyo dhidi ya uvivu. Lakini ifahamike kuwa Alinacha alianguka kwa sababu mbili. Kwanza, aliwaza bila kutenda. Pili, jambo aliloliona tamu katika utajiri ni uwezo wa kumdhalilisha mwenziwe, na teke la dharau ndilo lililomfilisi. Hivyo basi, kisa kinahukumu uzembe wa mwotaji na pia kile anachokiota.

Dhidi ya ndoto ya aina hiyo, lugha ina neno "nia". Mtu hutia nia ya kufunga au ya kusafiri kwa kuwa yu tayari kuanza. Methali isemayo kwamba penye nia pana njia hunukuliwa sana shuleni, lakini haielezi ni nani aliyeifyeka njia hiyo. Riwaya tulizozichagua zinalishughulikia swali hilo lililoachwa wazi.

3.0 Karama: Ndoto Inayowahusu Wengine

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa mbele ya baraza kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Kwa mtazamo wa juu juu, huyu ni kijana mwenye kipaji anayepigania lengo lake. Lakini tukiuchunguza utetezi wake tunaona jambo la ajabu kidogo: Karama hajizungumzii sana. Kwa siku kadhaa anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarejea na mapendekezo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo.

Mbinu hii ya usimulizi ina uzito wa kimaudhui. Karama anathibitisha kwamba nia yake si mali yake peke yake. Ameirithi kutoka kwa watu walioteseka kabla yake. Mwishoni anaachiliwa, na haki ya wajumbe nayo inatambuliwa. Kwa hiyo ushindi wake haupimwi kwa cheo anachokipata bali kwa idadi ya watu wanaofunguliwa pamoja naye. Ikumbukwe pia kuwa riwaya hii ilichapishwa wakati wa utawala wa kikoloni, ambapo kudai sheria iliyo sawa kwa wote halikuwa jambo la fumbo tu.

4.0 Tumaini: Ndoto Iliyojifungia

Kezilahabi anamwita mhusika wake mkuu Tumaini, na jina hilo limebeba kejeli nzito. Tumaini anarithi mali, anaitapanya katika anasa, kisha anajirekebisha na kuwa mtu wa kazi na mali nyingi. Laiti riwaya ingeishia hapo, ingekuwa mfano mwafaka wa mafunzo ya juhudi yanayopendwa katika majibu ya mitihani. Lakini siasa ya Ujamaa iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 inamkuta akiwa tajiri, na mali aliyoihesabu kuwa ndiyo nafsi yake inaingia hatarini. Tumaini anamuua kiongozi na kuhukumiwa kifo.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi anamtetea Tumaini dhidi ya dola, na wapo watakaosema anamlaani kwa ubinafsi wake. Tunaona kwamba riwaya haikubali kufungwa katika mojawapo ya misimamo hiyo. Juhudi za Tumaini ni za kweli, na uchungu wake ni wa kweli pia. Tatizo lake ni kwamba alijenga lengo lisilo na nafasi ya mtu mwingine. Lilipotikiswa, hakubakiwa na lugha ya kuzungumza na jamii isipokuwa ya risasi. Hapa juhudi imekuwapo, nia imekuwapo, na bado mwisho ni maangamizi. Msomaji anayetafuta kanuni kwamba bidii huleta mafanikio haipati.

5.0 Yasmin: Ndoto Inayovutwa Huku na Huku

Vuta N'kuvute inamchora Yasmin, msichana wa Kihindi katika Zanzibar ya kikoloni, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume anayemzidi umri kwa mbali. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Hapo anakutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ndoto ya Yasmin isingeanza kutembea bila mlango wa Mwajuma kufunguliwa. Mwajuma ni maskini, na riwaya haimpi utukufu wa shujaa, ilhali ndiye anayebeba sehemu kubwa ya gharama ya uhuru wa mwenzake. Aidha, nia mbili njema zinaweza kupingana: Yasmin anatamani mapenzi yenye utulivu, Denge amejitoa kwa harakati zisizompa nafasi ya kutulia. Mapenzi yao hayafiki kwenye ndoa, na hatimaye Yasmin anaolewa na Bukheti. Je, ameshindwa? Kwa kipimo cha hadithi za mapenzi, pengine. Kwa kipimo cha riwaya yenyewe, amepata kitu alichonyimwa mwanzoni, nacho ni haki ya kuchagua.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya hizi tatu haziafikiani juu ya matokeo ya kufuata ndoto. Karama anashinda, Tumaini anaangamia, Yasmin anapata kingine badala ya alichokitamani. Zinachoafikiana ni kwamba ndoto ya mtu hupita katika maisha ya wengine: wajumbe waliofungwa, mtu aliyeuawa, rafiki aliyefungua mlango.

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji wa namna hii unawavunja moyo vijana. Sisi tunaona kinyume chake. Kijana aliyefundishwa kwamba kila mwenye nia hufaulu, siku atakapokwama atajihesabu kuwa hana nia, na atabeba peke yake lawama isiyo yake. Lakini aliyesoma riwaya hizi kwa makini atajua kwamba kuna njia zilizozibwa na sheria, na nyingine na ukoo au umaskini, na kwamba kuzizibua ni kazi ya wengi. Kwa hiyo, tunapouliza mafunzo ya riwaya darasani, hatuna budi kumtaka mwanafunzi aeleze pia ni nani aliyelipa gharama ya ndoto ya mhusika mkuu, na kama alirudishiwa chochote.