Namba ya Miwani Ina Maana Gani?

Wazee wengi hutujia hospitalini na miwani waliyonunua stendi ya Makambako au sokoni Njombe. Tukiwauliza namba yake, hujibu: "Nilijaribu tu, nikaona herufi."

Namba hiyo ni nguvu ya lenzi, nayo hupimwa kwa dayopta. Lenzi ya jumlisha 1 hukusanya mwanga utokao mbali katika umbali wa mita 1. Ya 2, nusu mita. Ya 4, sentimita 25. Kwa hiyo namba kubwa si miwani bora, ni lenzi kali zaidi tu.

Alama nayo tuiangalie. Jumlisha (+) husaidia wengi wetu tuliopita miaka 40, tunaoshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Toa (−) humsaidia asiyeona mbali, kama mwanafunzi asiyeweza kusoma ubaoni. Mwenye −2, akivua miwani, haoni vizuri kitu kilicho zaidi ya nusu mita.

Miwani ya sokoni kwa kawaida ina namba moja pande zote, lakini macho yako huenda hayalingani. Tena haitibu mtoto wa jicho wala presha ya macho. Presha ya macho mara nyingi huiba uwezo wa kuona polepole, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Anayebadili miwani kila mara bila kupimwa huweza kuchelewa.

Basi tupimwe kila jicho peke yake, tuombe namba ziandikwe, tuzitunze. Na miwani ya babu tusimvike mjukuu.