Je, Wajua? Draiva Iliyojificha Nyuma ya Muziki

Je, wajua kuwa CD za muziki ziliwahi kupenyeza draiva za siri kwenye kompyuta za wasikilizaji? Oktoba 2005, mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, alikuta katika mashine yake mwenyewe draiva asizozijua. Mojawapo, aries.sys, ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na $sys$. Alifuatilia hadi akafika kwenye CD ya Sony BMG aliyoinunua, iliyobeba programu ya kuzuia kunakili nyimbo. Mnunuzi hakuambiwa lolote kuhusu kufichwa huko, na hilo lilikuwa kosa kubwa.

Russinovich alipozifuta draiva hizo kwa mkono, kisomeo chake cha CD kikatoweka! Draiva nyingine ilikuwa imejipachika kati ya Windows na kifaa hicho. Faili liliondoka, lakini usajili wake ndani ya Windows ukabaki ukilidai.

Kwa hiyo ukikuta faili geni la .sys ndani ya System32\drivers, usikimbilie kulifuta. Fungua sifa zake, usome jina la kampuni na saini ya kidijitali. Hata saini usiiamini peke yake: kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilitumia draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa vya Realtek na JMicron. Likague kwa programu ya kuzuia virusi, hifadhi nakala za kazi zako, kisha, ikibidi, ondoa programu au kifaa kilicholileta kupitia mipangilio ya Windows, ili usajili wake nao uondoke.