Ukimziba mdomo adui, jiandae na wewe

Mwaka 1977, kikundi kidogo cha Wanazi wa Marekani kilitaka kuandamana Skokie, mji mdogo pembeni mwa Chicago uliokuwa na maelfu ya Wayahudi, wakiwemo manusura wengi wa kambi za Hitler. Uongozi wa mji ukaja na masharti: waandamanaji wakate bima ya dola 350,000, wasivae sare za kijeshi, wasigawe maandishi ya chuki. Shirika la kutetea haki za raia, ACLU, likawatetea Wanazi hao mahakamani, na wakili wake, David Goldberger, alikuwa Myahudi. Maelfu ya wanachama walijitoa kwa hasira. Hata hivyo, shirika lilikuwa sahihi.

Anayeamua kauli ipi ni ya chuki ni mwenye mhuri, na mhuri hubadili mikono. Mwaka 1963, kule Birmingham, Alabama, wafuasi wa Martin Luther King walinyimwa kibali cha kuandamana na King mwenyewe akawekwa ndani. Machoni pa watawala wa mji, kudai usawa wa Weusi ndio uliokuwa uchochezi. Ni mwaka 1969 tu Mahakama ya Juu ilipoibatilisha sheria ile ya vibali, kwa kuwa iliwaachia maofisa waamue watakavyo. Silaha iliyotakiwa Skokie dhidi ya Wanazi ilikuwa imekwisha kutumika dhidi ya King.

Kuna watakaoitaja Rwanda, na wana hoja nzito. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio ya RTLM ilitangaza majina ya watu na mahali walikojificha. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake. Lakini kumtaja mtu na maficho yake huku wauaji wameshika mapanga si maoni, ni kuagiza auawe. Hata Marekani inaruhusu kuadhibu uchochezi unaolenga vurugu za papo hapo na unaoelekea kuzizusha. Mpaka uchorwe hapo, si kwenye karaha ya msikilizaji.

Machungu ya manusura wa Skokie yalikuwa ya kweli. Wanazi walishinda kesi, lakini hawakuandamana mjini humo. Manusura ndio waliojipanga kufundisha historia yao, na mwaka 2009 jumba la makumbusho likafunguliwa Skokie. Basi muswada wa kudhibiti kauli ukifika bungeni, tuwadai wabunge wetu waulize: unazuia madhara gani, na mhuri atashika nani? Usipojibu, waukatae.