Sitaha ya Kigezo cha Jahazi: Mbao Zake na Maneno Yake katika Nyanda za Juu za Kusini

Mtu atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mufindi katikati ya misitu ya Sao Hill, na akiendelea hadi Kyela hushuka mpaka Ziwa Nyasa. Katika safari hiyo yote ataona mbao nyingi kuliko aonazo mtu wa Lamu au Unguja kwa mwaka mzima; lakini hataona jahazi hata moja. Miti ipo, mafundi wa kuipasua wapo, ila chombo chenye tanga hakipo. Kwa sababu hiyo maneno mengi ya ubaharia, ambayo ni sehemu kubwa ya hazina ya Kiswahili, huwafikia watu wa bara kwa njia ya kamusi na vitabu tu. Nia ya makala haya ni kueleza kazi moja ndogo ya mikono, yaani kutandika mbao za sitaha katika kigezo cha jahazi na kuipamba sitaha hiyo kwa vyombo vyake, na kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa lugha kuyashika maneno ambayo maelezo matupu hayamshikishi.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Sitaha limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni uso wa juu wa kitu, au paa tambarare la nyumba. Katika Kiswahili limebaki na maana ya ubao wa juu wa chombo, mahali watu wanapokanyaga. Mtoto wa Rungwe au wa Mufindi akiingizwa chini ya sitaha na kuulizwa kilicho juu ya kichwa chake ni nini, yamkini atajibu kuwa ni dari, kwa kuwa kwao dari ni mahali pa kuwekea mahindi juu ya moto wa jikoni. Wala hatakuwa amekosa sana. Kitu ni kile kile. Aliye chini yake huona dari, na aliye juu yake huona sitaha. Tofauti ya maneno haya mawili inategemea mahali asimamapo msemaji, na jambo hilo halionekani upesi katika kamusi, lakini huonekana mara moja kwa mtu aliyekishika kigezo mkononi na kukigeuza.

Mtumbwi wa Ziwa Nyasa hauna sitaha. Ni gogo lililochongwa ndani, na Wanyakyusa huuita ubwato, neno lenye shina linaloonekana katika lugha nyingi za Kibantu, kama vile Kinyarwanda na Kiganda. Kwa mitumbwi Wakisi wamekuwa wakichukua vyungu vyao kwenda sokoni karibu na Matema. Katika chombo cha namna hiyo ndani ni pamoja na juu, na hapana haja ya neno la kuvitenga. Meli za chuma zilipoingia ziwani mambo yalibadilika. Hermann von Wissmann ya Wadachi ilielea mwaka 1893, nayo ilishambuliwa na Gwendolen ya Waingereza mwezi wa Agosti 1914 huko Sphinxhaven, ambako leo huitwa Liuli. Katika miaka ya baadaye zilifuata meli zilizochukua majina ya miji yetu, MV Iringa na MV Mbeya II. Hivyo watu wa Kyela walilipata neno sitaha pamoja na kitu chake, ila kitu hicho kilikuwa cha chuma. Sitaha ya mbao, yenye maungio na kalafati, haikuwafikia.

Sasa tuje kwenye kazi. Kipimo kinachofaa ni 1 kwa 24, maana vitu vidogo bado huonekana na kigezo huenea juu ya meza. Tuseme jahazi lina urefu wa mita 15; kigezo chake kitakuwa na sentimita 62 na nusu. Jahazi halifunikwi lote. Lina sitaha upande wa tezi, ambako ndiko akaako nahodha na mshika usukani, na sitaha fupi upande wa omo. Katikati huachwa wazi ili shehena ipakiwe. Tukikadiria sitaha ya tezi kuwa mita 6, katika kigezo itakuwa sentimita 25. Ubao wenye upana wa sentimita 18 utakuwa milimita 7 na nusu, na unene wa sentimita 3 utakuwa milimita 1 na robo.

Kabla ya ubao wa kwanza kuwekwa, hapana budi mkuku, mataruma na mbao za ubavuni ziwe zimekwisha kukaa. Kisha hulazwa boriti za kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, ambazo ndizo zitakazoichukua sitaha. Boriti hizi hazinyooki kabisa. Kila moja imebinuka kidogo katikati ili maji ya mvua na ya mawimbi yateremke pembeni. Kiasi cha sehemu 1 katika 50 kinatosha: boriti yenye urefu wa sentimita 15 itabinuka milimita 3. Mwanafunzi huona kuwa jambo hili ni dogo mno na hulipuuza, lakini sitaha iliyo bapa kabisa hujulikana mara moja kuwa ni ya uongo, kwa kuwa chombo cha kweli kingejaa maji na kuoza.

Kuhusu mbao, wingi wa Sao Hill usitudanganye. Mpaina hukua upesi, na kwa hiyo mistari ya ukuaji wake ni mipana. Ukiupasua kuwa ubao wa milimita 7, mstari mmoja huweza kuchukua nusu ya upana wote, na macho hukataa kuamini kuwa ule ni ubao wa chombo. Paina itumiwe kwa boriti na kwa kazi za ndani. Kwa mbao za juu afadhali podo, mti wa misitu ya milimani, ambao umbile lake ni laini na mistari yake haionekani sana. Vipande vilivyobaki kwa maseremala vinatosha kabisa. Mninga hufaa kwa mbao za kandokando kwa sababu ya wekundu wake, na mpingo kwa vitu vidogo vitakiwavyo kuwa vyeusi.

Utandikaji huanza katikati, juu ya mstari wa mkuku, kisha huendelea pande zote mbili kwa zamu, ubao mmoja kulia na mmoja kushoto. Anayeumaliza upande mmoja kwanza hukuta mwishowe kuwa kosa dogo limekwisha kuwa kubwa na sitaha imekwenda mshazari. Kando kabisa, penye ubavu, huwekwa ubao mpana unaofuata mpindo wa chombo, na ncha za mbao nyingine hukatwa ziingie ndani yake. Ncha zisiachwe zikawa kali kama sindano, maana ncha ya namna hiyo haishiki msumari, wala haizuii maji.

Maungio ya ncha kwa ncha yana kanuni yake. Kila ungio sharti liwe juu ya boriti, na maungio ya mbao mbili zinazopakana yasikae juu ya boriti moja, kwani hapo ndipo chombo kitakapodhoofika. Tuchukue mbao za mita 3 na sentimita 60, yaani sentimita 15 katika kigezo, na boriti 11 zilizoachana sentimita 2 na nusu. Mstari wa kwanza wa mbao uungwe juu ya boriti ya 7. Wa pili juu ya boriti ya 3 na ya 9. Wa tatu juu ya boriti ya 5. Na wa nne urudi kwenye boriti ya 7. Hivyo kila maungio mawili yaliyo juu ya boriti moja yatatengwa na mbao mbili nzima, na hapana ubao uzidio urefu uliowekwa. Mpango huu uandikwe kwa risasi juu ya boriti kabla ya kutia gundi.

Baina ya mbao na mbao, katika chombo cha kweli, hutiwa kalafati: pamba iliyotiwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Katika kigezo ufa wa milimita 6 huwa robo ya milimita tu. Hapo pamba haiingii. Njia iliyo safi ni kugandisha karatasi nyeusi nyembamba katika ukingo mmoja wa kila ubao kabla ya kuulaza. Mbao zikishakutana, karatasi huonekana kama uzi mweusi. Wengine hupaka risasi ya penseli, lakini baadaye unga wake huenea na kuichafua sitaha.

Misumari pia ina adabu yake. Wajenzi wa majahazi huizungushia misumari ya chuma nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, ili maji yasipenye shimoni. Katika kigezo kichwa cha msumari wa kweli hakiwezi kuigwa kwa chuma bila kuonekana kikubwa kupita kiasi. Hapa Iringa ina jibu lake lenyewe. Mwanzi ule ule unaogemwa ulanzi, ukikauka, hupasuka wima kuwa vijiti vyembamba. Chukua bati, utoboe matundu yanayopungua ukubwa, kisha uvute kijiti katika tundu moja baada ya jingine mpaka kipenyo chake kiwe karibu milimita 0.6. Toboa ubao kwa keekee ndogo hadi ndani ya boriti, tia gundi, ingiza kijiti, kisha kata kilichobaki juu. Kila ubao upate vijiti viwili juu ya kila boriti.

Gundi ikikauka, sitaha isipigwe msasa kwanza, maana unga mweusi wa karatasi utaingia katika vinyweleo vya mbao. Ikwanguliwe kwa ubapa wa kisu kikali au kwa kipande cha kioo, kufuata urefu wa mbao, na msasa laini uje mwisho kabisa. Na hapa mwanafunzi wa lugha akumbuke kwamba msasa ni mti kwanza, na majani yake yenye kukwaruza ndiyo yaliyotumiwa na mafundi kabla ya karatasi ya dukani kuja. Jina la mti likahamia kwenye karatasi.

Baada ya hayo huja mapambo, na kila kipambo kina neno lake. Ukingoni hukazwa makiri, yaani vigingi vinene vya kufungia kamba. Nyuma kabisa huwekwa usukani pamoja na kana, mti wake wa kushikia. Mbele huchomoza dasturi, na karibu yake hulazwa baura pamoja na amari yake iliyokunjwa duara. Penye wazi la katikati hupangwa sanduku la mchanga la kupikia na pipa la maji, na chini, palipo na maji ya kutekwa, huwa banduru. Chini ya sitaha ya tezi huwa feuli, mahali pa kuwekea vitu vitakavyohitajiwa upesi. Kamusi ikisema kuwa feuli ni sehemu ya jahazi, haijasema neno. Mwenye kutengeneza kigezo hawezi kuridhika na maelezo hayo, kwa sababu hana budi kujua ni sehemu gani, ina upana gani, na mtu huingiaje. Kazi ya mikono huitoza kamusi deni lake.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue na chombo cha watu wa pwani huku milimani, tena katika siku hizi za mashini na vyombo vya plastiki. Jibu limo katika habari ya mtepe. Chombo hicho cha visiwa vya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kupandishwa tanga la mkeka, kilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. James Hornell alipoandika juu yake mwaka 1941, na watu wa Unguja walipojenga mtepe mzima mwaka 2003 na kuuweka Beit el Ajaib, kilichobaki kuwa ushahidi kilikuwa picha, maandishi, kumbukumbu za wazee, na vigezo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kile ambacho fundi wa kigezo alikitengeneza kwa uaminifu kimebaki. Na kile alichokificha chini ya kifuniko kitupu, akidhani hapana atakayekitazama, kimepotea pamoja na jina lake.

Kwa hiyo neno langu la mwisho juu ya kazi hii ni hili: sitaha isifungwe kabla ya vilivyo chini yake kutengenezwa na kutajwa. Mwalimu wa Iringa au wa Mbeya atakayefanya kigezo na wanafunzi wake na aache upande mmoja wa sitaha ya tezi bila mbao, ili mataruma, boriti, feuli na banduru vionekane, na kila kimoja kiandikiwe jina lake kwa mkono. Upande wa pili utaonyesha jinsi chombo kinavyopendeza kikiisha, na ule ulio wazi utaonyesha jinsi kinavyosimama. Ikiwa siku moja jahazi nalo litafuata njia ya mtepe, maneno yake yatakuwa na mahali pa kukaa, hata kama mahali penyewe ni meza ya darasa katika nchi ya baridi, mbali na chumvi ya bahari.