Kinyago Ukutani: Namna Picha ya Sinema Inavyosema

Watazamaji wengi wa sinema, wakiulizwa habari ya kisa walichokiona, aghalabu husimulia maneno yaliyonenwa na wachezaji, kana kwamba picha ni pambo tu la mazungumzo. Ilhali mwongozaji hodari, kabla mchezaji hajafumbua kinywa, huwa amekwisha kutuambia nusu ya habari kwa jinsi alivyopanga kuta, mavazi, vyombo na mwangaza ndani ya fremu yake. Mfano ulio bora wa jambo hili, kwa rai yangu, ni La Noire de..., filamu ya mwaka 1966 ya Ousmane Sembène, Msenegali aliyefanya kazi ya kupakua shehena katika bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza kazi ya sinema.

Kisa chenyewe ni chepesi. Diouana, binti wa Dakar, anaajiriwa na mume na mke wa Kifaransa awalelee watoto wao, naye kwa furaha ya kupata kazi anawatunukia kinyago cha kuvaa usoni. Baadaye wanamwita kwao Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa, ambako ulezi unageuka kuwa kupika, kufua na kupiga deki, wala mlango wa kutokea hauoni.

Sasa na tukifuate kinyago. Nyumbani kwa mabwana wale kule Dakar kilikaa pamoja na vitu vingine vya sanaa ya Kiafrika, kwa hiyo jicho lilikipita upesi, kama lipitavyo bidhaa za dukani. Huko Antibes kiko peke yake, cheusi, juu ya ukuta mweupe mtupu, na filamu nzima haina rangi ila hizo mbili. Kinyago hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni vilivyokizunguka, na kwa mabadiliko hayo tu mtazamaji hutambua, pasipo kuambiwa na mtu, ugeni na upweke wa yule binti ambaye kamera humweka naye mbele ya kuta zizo hizo. Madhali binti na kinyago wamekwisha kufungamana hivyo machoni petu, siku Diouana anapokitungua na bibi wa nyumba akashika upande wa pili akivuta, hakuna mtazamaji anayedhani kwamba wanagombea kipande cha mti.

Baada ya Diouana kujiua, bwana anakirudisha kinyago Dakar kwa mama wa marehemu, pamoja na fedha ambazo mama anazikataa. Mtoto mmoja wa kiume anakivaa na kumfuata bwana yule nyuma. Bwana anageuka, anaongeza mwendo, anakimbilia gari lake. Mtoto mdogo, mikono mitupu, hamtishi mtu mzima. Kinachomkimbiza bwana tumekwisha kukijua tangu kule ukutani.

Walakini sharti nionye, kwa maana wako wafasiri ambao kila wakionacho katika fremu hukifanya fumbo. Kinyago kimepata maana kwa kuwa kamera imekirudia mara kwa mara, na kila mara imekikuta mahali papya. Chombo kinachoonekana mezani mara moja tu huenda kimewekwa pale kwa sababu watu hula.

Viatu ni habari nyingine. Diouana hufagia na kupangusa akiwa na gauni la madoadoa na viatu vya visigino virefu, maleba ya mwanamke aliyekuja kuiona Ufaransa. Bibi anamvisha aproni juu ya gauni, halafu anamwamuru avue na viatu, asije akasahau kwamba yeye ni mtumishi. Hakuna tusi lililotamkwa wala dai lililotolewa, wala Diouana hajamjibu neno. Viatu ndivyo vilivyokuwa vikijibu, na bibi, katika watu wote wa filamu ile, ndiye aliyejua kuisoma picha upesi kuliko sisi tuliolipa kiingilio.