Simtanki la samaki: je, lazima liwe na tangi la chini la kuchujia maji?

Kila tunapozungumzia ufugaji wa samaki hewani, swali hili hurudi kwenye simu, kutoka Kasulu na Kibondo pia: nina simtanki la lita 1,000 nyuma ya nyumba, nataka kufuga kambale, fundi ananiambia bila tangi la pili chini yake, lenye pampu na chujio, samaki watakufa. Ni kweli?

Kwa kambale wachache, si lazima. Ila ukiliacha, kazi yake utaifanya wewe kwa ndoo, na hapo ndipo hesabu huwashinda wengi.

Kinachoua samaki kwenye tangi ni sumu iitwayo amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Kwenye bwawa la udongo, tope na ule ukijani wa maji hupunguza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Simtanki halina tope. Kinachoingia humo kinabaki humo mpaka ukitoe.

Tupige hesabu. Una kambale 30, kila mmoja amefika gramu 300. Jumla ni kilo 9. Ukiwapa chakula asilimia 3 ya uzito wao, ni gramu 270 kwa siku, na chakula hicho huweza kuzalisha karibu gramu 8 za naitrojeni ya amonia kila siku. Hivyo utahitaji kubadilisha nusu ya maji walau kila baada ya siku mbili. Nusu ya simtanki ni lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Kama bomba liko uani, sawa. Kama maji yanatoka kisimani chini ya mlima, jiulize nani atayabeba, maana mara nyingi mwenye samaki siye mwenye dumu kichwani.

Tangi la chini hukupunguzia mzigo huo. Maji hushuka kutoka kwa samaki, uchafu mzito hutulia, kisha maji hupita kwenye kokoto au vipande vya wavu kabla pampu haijayarudisha juu. Kinachosafisha amonia si kokoto zenyewe. Ni bakteria wanaoota juu yake, wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuwa wengi vya kutosha. Ukinunua mtambo leo na kumwaga vifaranga wote kesho, chujio bado ni kokoto tu. Anza na wachache, na usizioshe kokoto kwa sabuni. Zisuuze kwa maji ya tangi hilo hilo.

Sasa gharama. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi usiku na mchana hula karibu uniti moja kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Na umeme ukikatika, maji ya juu huendelea kushuka. Tangi la chini likiwa limejaa pomoni, utayakuta sakafuni. Mwambie fundi aache nafasi ya kutosha chini, na atoboe tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya usawa wa maji, ili lisiyanyonye kurudi chini.

Haya yote ni ya kambale, ambaye hupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Sato hawezi hivyo. Ukiwajaza sato kwenye tangi wakitegemea pampu, umeme ukikatika usiku unaweza kuamka umewapoteza wote. Kwa mtu mwenye eneo, sato tungemwachia bwawa la udongo, wawili au watatu kwa mita moja ya mraba, bila mtambo wowote.

Kwa hiyo, mwenye bomba karibu na kambale wasiozidi 30, asinunue tangi la chini. Fedha hiyo aiweke kwenye chakula. Maji ya bomba yenye dawa ayaache wazi siku nzima kabla ya kuyamimina, na yale machafu ayapeleke kwenye mchicha na migomba. Mwenye maji ya shida lakini umeme wa uhakika, tangi la chini litamfaa. Asiye na maji wala umeme wa kutegemea, tunamshauri asianze na simtanki. Aende kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri amwangalizie eneo la bwawa.

Miezi ya baridi, Juni na Julai, samaki wa huku kwetu juu hula kidogo. Punguza chakula. Na siku pampu ikisimama, usiwalishe kabisa mpaka irudi.