Saa ya mukono kule juu angani

Sisi watu wa mine tunajua bei ya dakika. Chini ya udongo hakuna jua la kukuonyesha kama ni asubuhi ao magaribi, na siku ya kulipua majiwe, segonde ni uzima. Njo maana habari ya saa za watu wa anga inatuhusu siye pia.

Yuri Gagarin, mutu wa kwanza kupanda angani, tarehe 12 Aprili 1961, alikuwa na Sturmanskie, saa iliyotengenezwa Moscow. Safari yake ilikamata dakika 108 tu. Mu mwaka 1962, Mumarekani Scott Carpenter alipanda na Breitling ya kuhesabu masaa 24, sababu kule juu jua linatoka na kuingia kila dakika 90 hivi, na mutu anachanganya usiku na muchana. Anga haikuiua ile saa. Ni maji ya bahari njo yaliiharibu kisha kushuka, wakati Carpenter alikuwa anangojea watu wa kumutosha.

Mu 1964 NASA iliomba saa ku company za kuzitengeneza, na ine zilijibu. Hamilton ilituma saa ya mufuko, kama ile ya chef de gare, wakaiweka kando. Zikabaki Rolex, Longines na Omega. Fundi James Ragan akapewa kazi ya kuzitesa. Aliziweka mu moto wa degré 71 masaa 48, kisha degré 93 nusu saa. Akaziingiza mu baridi ya degré 18 chini ya zero. Akazitia mu unyevu siku kumi, akazipiga, akazitikisa, akaziondolea hewa. Rolex ilisimama, na moto ukakunja mishale yake. Kioo cha Longines kikapinda. Omega Speedmaster, saa ya 1957 iliyotengenezwa kwa mashindano ya motokari, iliendelea kutembea. Haikukuwa bila kasoro: kwa jaribio la kuondoa hewa ilikosea dakika 21, kwa lile la mwendo wa nguvu dakika 15. Lakini haikusimama. Tarehe 1 Machi 1965 ikakubaliwa.

Tunapenda ile namna. Kwanza walitesa kifaa, kisha wakakipatia mutu. Kwetu mara mingi mask na kamba vinajaribiwa juu ya mutu mwenyewe.

Faida yake ilionekana mu Aprili 1970. Apollo 13 ilikuwa njiani kuelekea ku Mwezi wakati tank ya oksijeni ililipuka. Umeme ukapunguka, ikabidi kuzima karibu mashini zote. Baridi ikaingia, maji yakaanza kujikusanya ku kuta. Njia ya kurudi ilikuwa imepinda kidogo, na kama wangeingia mu hewa ya dunia na pembe mubaya, wangepita kando ao wangeungua. Ilibidi kuwasha moteri segonde 14, bila kuzidisha. James Lovell na Fred Haise walishika usukani, wakiangalia dunia ku dirisha. Jack Swigert aliangalia Omega yake na kuhesabu. Tarehe 17 Aprili wote watatu wakafika nyumbani wazima.

Ile saa haina pili. Unazungusha kichwa chake na vidole, resori ndani inajikaza, basi. Zamani resori ilikuwa ya chuma cha kawaida, inashika kutu na kuvunjika. Company ya Elgin, kule Marekani, ikatengeneza mchanganyiko unaoitwa Elgiloy, wenye kobalti karibu 40 kwa 100. Kwa Nivaflex, ile ya resori za Waswisi, kobalti pia njo kitu cha kwanza. Na ile miaka muchimbaji mukubwa wa kobalti duniani alikuwa Union Minière, hapa kwetu Katanga. Wababa na wababu wetu njo walikuwa wanaitosha ku udongo.

Tumalizie na Skylab. Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue walipanda mu Novemba 1973, na wakubwa wa chini wakawapangia kazi dakika kwa dakika. Wakachoka, makosa yakaingia. Tarehe 30 Desemba wakazungumuza na wakubwa wazi. Kuko wanaoiita grève, lakini haikukuwa grève. Ilikuwa mazungumuzo ya kazi kama yale tunayoyajua. Wakakubaliana: wakati wa kula na mbele ya kulala wasisumbuliwe, na kazi ndogondogo wajipangie wenyewe. Toka hapo kazi ikaenda muzuri kuliko mbele. Pogue alikuwa na Seiko yake mwenyewe, yenye kujijaza na mwendo wa mukono, aliyoibeba bila ruhusa. Hata mahali hakuna uzito ilijijaza. Alishuka nayo tarehe 8 Februari 1974, kisha siku 84.